Shajara ya mradi: vitunguu vya maua vilivyopandwa Novemba ikiisha, Des Moines, Iowa, Marekani

14 Novemba

Mafundi wa mabomba wamemaliza kazi. Utepe wa njano umeondolewa, na ukanda wa ardhi mbele ya nyumba zetu za kupanga, ambao tangu mwisho wa Agosti ulikuwa handaki, umerudi mikononi mwetu. Urefu wake ni kama mita 12 na upana mita moja na nusu. Unaelekea kusini, hauna mti wa kuutia kivuli, na maji ya mvua hayatuami. Kwa maua tunayoyataka, mahali ni pazuri. Tunachopungukiwa ni muda.

Maua yenyewe ni yale yanayotangulia mengine yote baada ya baridi: krokasi, narsisi, muskari na tulipu. Huota kutokana na vitunguu vinavyofukiwa ardhini kabla ya theluji. Vinatoa mizizi udongo ukiwa unapoa, vinapitisha miezi ya barafu chini kwa chini, halafu vinachanua kuanzia Machi hadi Mei. Hapa Iowa mwezi unaopendekezwa ni Oktoba, ili mizizi ipate wiki kadhaa kabla ardhi haijaganda. Oktoba imekwenda. Hata hivyo ardhi ndiyo inayoamua, kalenda inafuata: maadamu udongo haujawa jiwe, kitunguu kinaweza kuingia. Leo nimechomeka uma wa bustani kila baada ya hatua chache, toka mwanzo wa ukanda hadi mwisho wake. Umezama kote.

Naiandika shajara hii kwa ajili ya ndugu zetu waliofikia miji ya baridi kama huu wakitokea Uvira, Bujumbura, Kigoma na kambi ya Nyarugusu. Kila mwaka mwezi huu wanaikuta mifuko ya vitunguu hivi kwenye kona ya bei ya chini dukani, wanaigeuzageuza mkononi, kisha wanairudisha kwa sababu wamesikia msimu umekwisha. Haujaisha.

16 Novemba

Tumenunua. Bei imeshuka hadi nusu, na mifuko mingine chini ya hapo, kwa kuwa duka nalo linajua bidhaa hii haiwezi kukaa hadi mwakani. Tumechukua tulipu ‘Apeldoorn’ nyekundu na ‘Golden Apeldoorn’ ya njano, zote za kundi la chotara za Darwin (Darwin Hybrid), ambalo lina sifa ya kurudi mwaka baada ya mwaka kuliko tulipu nyingi. Narsisi ni ‘Dutch Master’, ile ya njano yenye tarumbeta kubwa. Krokasi na muskari ni za mchanganyiko. Jumla ni vitunguu kama 300, na majirani wote wamechanga.

Kununua kwa kuchelewa kunataka mkono wenye subira. Nilibonyeza kila kimoja kwa kidole gumba kama mtu anavyochagua vitunguu vya mboga sokoni. Kilicho kigumu na kizito ni kizima. Kilicho chepesi kimekauka ndani, na kinacholegea kwenye kitako, pale mizizi inapotokea, kimeshaanza kuoza. Hivyo viwili havifai kwa bei yoyote. Ganda la kahawia likiwa limebanduka si neno. Ukungu wa rangi ya buluu juu ya ganda nao si wa kuogopesha ikiwa kitunguu chenyewe bado kigumu, unafutwa kwa kitambaa kikavu. Vilivyoanza kuchomoza ncha ya kijani tulivichukua pia, ila hivyo vitatangulia kupandwa.

Jioni nilikata tulipu moja katikati mbele ya watoto wa jengo. Hiki ndicho kitu ambacho ningependa kila mtu akione kabla ya kuamua kuuweka mfuko kabatini “hadi mwaka ujao”. Katikati ya matabaka meupe kuna chipukizi la manjano, na ndani ya chipukizi, kwa kioo cha kukuzia, mnaonekana ua zima: petali sita, stameni sita na ovari katikati. Limeumbwa tangu kiangazi. Mbegu ya mchicha inaweza kusubiri ndani ya pakiti kavu, lakini kitunguu hiki kina ua lililo hai ndani yake, na kila siku kinakula akiba yake kulitunza. Kikibaki ndani ya nyumba yenye joto hadi kiangazi kijacho kitakuwa ganda tupu. Kwa hiyo mtu aliyechelewa hana sababu ya kungoja. Nafasi ya kitunguu kilichopandwa Desemba ni ndogo kuliko ya kile cha Oktoba, lakini ipo. Kilichobaki mfukoni hakina.

Bibi wa chumba cha kona, ambaye sisi wote ni wajukuu zake, alikishika kimoja cha narsisi akakinusa. “Mwanangu, hiki si cha mchuzi?” Nilimjibu, “Hapana Bibi, hiki ni sumu.” Nalisema hapa kwa uzito wake. Kitunguu cha narsisi kinafanana mno na kitunguu maji, na kina kemikali iitwayo laikorini inayoleta kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Kukipika hakukifanyi kuwa chakula. Tulipu nayo si chakula cha hiari: majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Uholanzi ya magharibi ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani na njia za chakula zimefungwa, watu walikula vitunguu vya tulipu baada ya kuondoa kiini cha katikati, kwa kuwa njaa ilikuwa inaua. Nimeitoa mifuko yote jikoni, nimeiandika kwa wino mwekundu SI CHAKULA, na iko ndani ya sanduku kwenye banda la zana, penye baridi na hewa. Wenye ngozi inayowasha wavae glavu pia, maana utomvu wa tulipu huchubua vidole vya wanaozishika kutwa.

18 Novemba

Kazi ya udongo. Mafundi walirudisha kila walichokitoa, ila kwa mpangilio uliogeuka: ule udongo mweusi mzuri wa Iowa umezama, na mfinyanzi wa chini uko juu, umeshindiliwa na magurudumu. Kitunguu hustahimili mambo mengi lakini hakistahimili kukaa ndani ya maji majira yote ya baridi. Kinaoza. Tuliuvunja mfinyanzi kwa uma, tukaondoa mawe na vipande vya bomba la zamani, tukachanganya mboji toroli kwa toroli hadi udongo ukakubali kumomonyoka mkononi. Vijana wa ghorofa ya pili walifanya sehemu kubwa ya kazi hii, na nawashukuru kwa moyo wote.

Kipimajoto cha udongo, kwenye kina cha sentimita 15, kinasoma nyuzi 6 za Selsiasi. Ni habari njema. Mizizi ya vitunguu hivi hukua vizuri udongo ukiwa kati ya nyuzi 4 na 15 hivi, kwa hiyo dirisha bado liko wazi ingawa linafungwa.

Kuhusu nani atangulie. Watu wengi hupanda vyote siku moja bila kufikiri, na kwa Oktoba haidhuru. Kwa mwishoni mwa Novemba inadhuru. Narsisi ndiyo inayoumia zaidi kwa kuchelewa, kwa sababu inahitaji muda mrefu wa kujenga mizizi. Krokasi na muskari zinafuata, ni ndogo na zinakauka upesi zikikaa nje ya udongo. Tulipu ndiyo yenye subira kuliko zote. Uingereza watunza bustani wengi huingoja Novemba kwa makusudi, kwa sababu udongo ukishapoa sawasawa, ugonjwa wa ukungu unaosababishwa na Botrytis tulipae, ule unaoacha mabaka ya kahawia na kuyapindisha majani, hupungua nguvu. Kwa hiyo tutaanza na narsisi, tulipu tutaziacha mwisho.

Ile sehemu ya mashariki ya ukanda, ambako tulipu nyingi zitakwenda, nimeifunika kwa mifuko iliyojaa majani makavu. Majani yanazuia joto la ardhi lisitoroke, na barafu ikianza kutuwahi, pale chini patabaki laini siku kadhaa zaidi kuliko penye uwazi.

23 Novemba

Tumepanda. Kulikuwa na jua hafifu na upepo wa kaskazini, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wazee kwa watoto.

Kwa kuwa udongo ulikuwa umeshavunjwa, hatukuchimba shimo kwa kila kitunguu. Tulifungua mtaro mzima kwa sepetu, sentimita 18 kwenda chini, tukavipanga vitunguu juu ya udongo laini kisha tukafukia. Kanuni ya kina ni mara mbili hadi tatu ya kimo cha kitunguu chenyewe. Kwa narsisi na tulipu kubwa ni inchi 6 hadi 8, yaani sentimita 15 hadi 20. Kwa krokasi na muskari sentimita 8 hadi 10 zinatosha. Wapo wanaoshauri aliyechelewa asiende chini sana ili kitunguu kichipue haraka. Sikubaliani nao kwa hapa Iowa. Juu ndiko barafu inakoanza, na juu ndiko udongo unakoganda na kuyeyuka mara kwa mara hadi ukakisukuma nje kitunguu ambacho hakijashika mizizi. Chini kidogo kuna utulivu, na mizizi inapata siku chache za ziada.

Ncha juu, kitako chini. Watoto waliokuwa hawajui upande upi ni upi kwenye krokasi niliwaambia walaze ubavu, na itajigeuza yenyewe ikichipua. Kati ya tulipu na tulipu tuliacha upana wa kiganja, na narsisi hivyo hivyo. Hatukutia mbolea ndani ya mtaro. Unga wa mifupa, ambao wengi wanaupenda, huwaita wanyama kwa harufu yake, na kitunguu cha mwaka wa kwanza kimebeba chakula chake chote.

Kindi ndio wasiwasi wangu. Huu ni mwezi wao wa kuficha mbegu za mialoni, na udongo uliochimbuliwa karibuni wanauona kama ghala lililofunguliwa. Tulipu wanazipenda, narsisi hawazigusi. Basi tulipanga narsisi kuwa mstari wa nje pande zote, tukaweka krokasi na muskari ndani, na juu ya kila kitu, sentimita tano hivi chini ya uso wa udongo, tukatandaza waya wa kuku wenye matundu ya inchi moja. Majani na mashina yatapita, makucha hayatapita. Ncha za waya tuliziinamisha na kuzifukia.

Mwisho tukamwagilia hadi maji yakashuka. Hatua hii watu huiruka wakidhani baridi inatosha, lakini kitunguu kikavu hakitoi mzizi mpaka kipate unyevu, na kwetu sisi kila siku ina thamani.

24 Novemba

Kindi wamechimba sehemu mbili, wakakutana na waya, wakaondoka.

29 Novemba

Usiku uliopita ulishuka hadi nyuzi 9 chini ya sifuri. Asubuhi uso wa ardhi palipo wazi ulikuwa na gamba gumu la sentimita tatu, sepetu iliruka. Nilikwenda upande wa mashariki nikaondoa ile mifuko ya majani, na chini yake udongo ulikuwa mweusi, laini, unatoa mvuke kidogo. Nilifurahi sana.

Sehemu kubwa ya tulipu zilizobaki tuliipanda hapo kwa muda wa asubuhi moja, watu wanne tu. Mahali palipokuwa na gamba jembamba, kijana mmoja alilitoboa kwa drili yenye keekee ndefu ya bustani, na chini ya gamba udongo ulikuwa wa kawaida. Hilo nalo watu walijue: ardhi ikionekana imeganda, mara nyingi mwanzoni ni ngozi tu. Vunja ngozi, panda, fukia kwa udongo usioganda, usirudishe mabonge ya barafu juu ya kitunguu kwa sababu yanaacha mifuko ya hewa.

Tulipomaliza tulimwaga majani makavu juu ya ukanda wote, unene wa sentimita 10 hivi, na matawi ya misonobari juu yake ili upepo usiyachukue. Kwa aliyepanda Oktoba, matandazo huwekwa baada ya ardhi kuganda. Kwa aliyechelewa ni kinyume: yanawekwa siku hiyo hiyo, ili kuchelewesha kuganda. Kila wiki moja inayopatikana namna hii ni wiki ya mizizi.

7 Desemba

Ardhi imefungwa. Uma hauingii popote.

Vitunguu kama 40 vya tulipu vilivyosalia vimeingia kwenye vyungu vya plastiki. Udongo wa vyungu mwepesi, vitunguu karibu karibu bila kugusana, ncha zikiwa chini kidogo ya uso. Vimemwagiliwa mara moja na kuwekwa ndani ya gereji isiyo na hita, vimebanwa kwenye ukuta unaopakana na nyumba na kuzungushiwa mablanketi ya zamani. Chungu kikiachwa nje Iowa huganda kutoka pande zote, na mizizi iliyo kandokando hufa. Gerejini kipimajoto kinacheza kati ya nyuzi 2 na 7, ambako ndiko hasa tunakotaka. Kila chungu kina karatasi yenye tarehe ya leo.

19 Januari

Nyuzi 21 chini ya sifuri alfajiri. Hakuna kazi ya kufanya, basi niandike yanayotokea chini.

Kitunguu cha tulipu kinahitaji wiki 12 hadi 16 za ubaridi, kati ya nyuzi 2 na 9 hivi, kabla shina lake halijaweza kurefuka. Ubaridi huo unabadilisha wanga uliohifadhiwa kuwa sukari na kuamsha homoni za urefu. Kisipopata baridi ya kutosha, ua linafunguka karibu na udongo, fupi na lililonyongea, au linakauka likiwa ndani ya majani. Huo ni ugumu wa wenzetu wa Texas na Florida, ambao hulazimika kuvitia vitunguu kwenye friji. Hapa baridi haijawahi kupungua. Tangu siku tuliyopanda hadi udongo utakapoyeyuka Machi ni karibu miezi minne. Kuchelewa kwetu, kwa hiyo, hakukutunyima baridi. Kulitunyima mizizi, na ndiyo maana kazi yote ya Novemba ilikuwa kuipigania mizizi: maji, kina, majani makavu. Mtu akielewa anachopungukiwa, anajua pa kuweka nguvu zake.

Theluji nayo ni rafiki. Sentimita 15 zilizolala juu ya ukanda zinazuia ile baridi kali ya hewa isishuke, na ninaiomba ikae.

Dada yangu aliyeko Arusha ameuliza kama anaweza kuzipanda huko. Nimemjibu kwamba inawezekana kwa msimu mmoja: vitunguu vikae kwenye friji wiki zisizopungua 12, ndani ya mfuko wa karatasi, mbali na tufaha na ndizi mbivu kwa sababu gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda hayo huliua ua likiwa changa ndani ya kitunguu, kisha vipandwe wakati wa ubaridi wa Juni au Julai, mahali penye kivuli cha mchana. Mwaka wa pili asitarajie kitu. Nikamwambia pia kwamba nyumbani tuna vitunguu vyetu vya maua na havihitaji friji. Lile ua jekundu la mviringo, Scadoxus multiflorus, hukaa kimya chini ya udongo kiangazi chote, na mvua za kwanza zikigusa ardhi linachomoza, mara nyingi kabla ya majani yake. Uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu na ambao tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, unavikwa maua namna hiyo kila msimu wa mvua. Yale yanaamshwa na maji, haya yanaamshwa na baridi iliyopita. Nikiwaeleza watoto waliozaliwa hapa, nataka wajue yote mawili.

27 Februari

Wiki nzima ya joto, hadi nyuzi 14 mchana. Majirani wawili wamekuja wakitaka tuyaondoe majani makavu tuone. Nimewaomba wavumilie. Matandazo sasa yanafanya kazi ya pili, kuuweka udongo baridi ili vitunguu visidanganyike.

Kwa ajili ya kutuliza mioyo, nilipindua chungu kimoja gerejini. Mizizi myeupe imejaa, imezunguka ukuta wote wa chungu. Nikakirudisha.

21 Machi

Krokasi! Zambarau na nyeupe, zimepenya majani makavu upande wa ukuta wa nyumba. Zina kimo cha kidole na zimekuja karibu zote. Nimeanza kuondoa matandazo kwa mkono, tabaka kwa tabaka, kwa sababu reki ingezivunja ncha zilizo chini. Narsisi zinaonekana, meno ya kijani ya sentimita mbili tatu. Tulipu bado. Vyungu vimetoka gerejini na kuwekwa barazani, penye mwanga na bado penye ubaridi.

3 Aprili

Sungura wameligundua jani la tulipu. Tumesimika wavu wa nusu mita kuzunguka ukanda. Majani yaliyokatwa yataendelea kukua kutoka chini, ila ua likiliwa limekwenda.

17 Aprili

Narsisi zimefunguka. Niseme ukweli wote kwa faida ya atakayefuata njia hii: hizi ndizo zilizoathirika. Mashina ni mafupi kuliko ya bustani ya kanisa jirani, iliyopandwa mapema, na zimechelewa kwao kwa siku kama kumi. Katika kila tano, moja imetoa majani bila ua. Hazijafa. Majani hayo yakitunzwa yatalisha vitunguu, na natarajia ua mwaka ujao. Zile tulizozipanda upande wa ukuta, penye joto zaidi, ni nzuri karibu sawa na za jirani, na hilo linanithibitishia kwamba tofauti ni ya mizizi.

Muskari zimeweka zulia la buluu katikati yao. Vyungu vya barazani vimechanua tulipu nyekundu kabla ya zile za ardhini kuonyesha hata rangi. Bibi amekiomba kimoja na kiko dirishani kwake.

26 Aprili

Jalidi usiku, nyuzi 2 chini ya sifuri. Tulipu ziliinamisha vichwa alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi zilikuwa zimesimama tena. Hatukuzifunika na haikuhitajika.

3 Mei

Tumekwenda Pella, saa moja hivi kwa gari kusini-mashariki mwa Des Moines, kwenye sherehe yao ya tulipu. Mji huo ulianzishwa na Waholanzi mwaka 1847, na sherehe imekuwapo tangu 1935. Mwaka ule wa kwanza hawakuwa na tulipu za kutosha, maana wazo lilikuja majira ya kupanda yakiwa yameshapita, wakaweka tulipu za mbao mitaani, na vitunguu vya kweli wakaviagiza Uholanzi kwa ajili ya mwaka uliofuata. Nimewasimulia watoto habari hiyo tukiwa chini ya kinu kikubwa cha upepo, na nimewasimulia kwa fahari, kwa sababu wanaujua msimu uliopita na wanajua kilichowezekana ndani yake.

Za Pella ziko kwenye kilele. Zetu jana zilikuwa machipukizi yenye mstari mwembamba wa rangi.

9 Mei

Zimefunguka zote ndani ya siku tatu. Nyekundu na njano, mita 12. Za upande wa mashariki, zile za mwisho kabisa chini ya mifuko ya majani, ni fupi kwa kiganja kimoja kuliko za 23 Novemba, na maua yake ni makubwa vile vile. Nilihesabu mapengo nikiwa nimeinama, na ni machache sana. Watu wa mtaa wa pili wanasimamisha magari. Mama mmoja wa Kirundi, ambaye amepita njia hii kwa miaka kadhaa bila kusalimiana na mtu, ameuliza zinapatikana wapi, nami nimemwambia asubiri Novemba, tutakwenda naye dukani.

28 Mei

Petali zimeanguka. Tumekata vichwa vyote ili mmea usitumie nguvu kutengeneza mbegu, ila mashina na majani tumeyaacha. Meneja wa jengo alitaka yakatwe yote kwa ajili ya usafi. Tulimweleza kwamba jani likikatwa likiwa kijani, kitunguu hakipati chakula cha kuumba ua la mwakani, na yeye akakubali tuyaache hadi yageuke njano. Kati ya safu tumepanda mchicha na majani ya kunde, yanakua upesi na kufunika kinachonyauka.

20 Juni

Majani ya narsisi na tulipu yamekuwa njano na yanang’oka kwa kuvutwa kidogo. Tumeyaondoa. Vigingi vya mbao vimewekwa penye mapengo, na kimoja kirefu kwenye mpaka wa tulipu za mashariki, ili tulinganishe zitakavyorudi. Narsisi za nyongeza tumeziagiza zifike Septemba. Tulipu tutazinunua katikati ya Novemba, nusu bei, na mifuko ya majani makavu itakuwa imeshatandazwa.